Bunge Hulaumiwa, Mbunge Hurudishwa

Katika uchaguzi wa Marekani wa mwaka 2014, wananchi walioridhika na Bunge lao hawakufika asilimia 20. Hata hivyo, zaidi ya asilimia 90 ya wajumbe wa Baraza la Wawakilishi waliogombea tena walirudishwa. Mtaalamu wa siasa Richard Fenno alikwisha kulieleza jambo hili katika miaka ya 1970: watu hulipima Bunge kwa matatizo ya taifa, bali mjumbe wao humpima kwa huduma anazowaletea nyumbani. Tena mpinzani wake mara nyingi hana jina wala fedha.

Tusiwacheke. Nasi huweza kumsifu mbunge kwa mabati aliyolichangia kanisa, tusimwulize alitetea nini bungeni. Kutoka 18:21 yadai viongozi wachukiao rushwa. Hatuna budi kuwafundisha washarika hivyo.