Mchele wa Ifakara mtandaoni: pima seva kabla ya msimu

Mpunga wa bonde la Kilombero ukianza kuingia mashineni mwezi Mei na Juni, bei haikai. Mnunuzi wa Dar es Salaam hana subira ya kumpigia dalali mara tano. Kwa hiyo mfanyabiashara wa Ifakara anayetaka kutangaza bei na kupokea oda kwa tovuti ana hoja. Soko la Bidhaa Tanzania (TMX) tayari linauza ufuta, korosho na mbaazi kwa mnada wa kielektroniki.

Swali ambalo wengi hawamwulizi fundi kabla ya kumlipa ni hili: seva itahudumia wateja wangapi kwa mpigo?

Watu wa Ifakara wanaijua foleni. Kabla ya Daraja la Magufuli, lenye mita 384, kufunguliwa mwaka 2018, magari ya Ulanga na Malinyi yalisubiri kivuko. Kivuko hakikuhitaji kuharibika ndipo foleni iwepo; ilitosha magari yafike kwa kasi kuliko yanavyovushwa. Seva nayo ni hivyo hivyo.

Kipimo chake hakina gharama kubwa. Programu iitwayo ab hutolewa bure na watengenezaji wa seva ya Apache, na kwenye Ubuntu imo katika furushi la apache2-utils. Haina vitufe vya kubonyeza, huandikiwa amri:

ab -n 1000 -c 50

kisha anwani ya ukurasa, na ile ya ukurasa wa mbele iishie na mkwaju. Maana yake: peleka maombi 1,000, huku 50 yakiwa njiani kwa wakati mmoja. (Ukurasa wa kilobaiti 100 utakula kama megabaiti 100 za bando, kwa hiyo angalia salio.)

Tuseme jibu ni maombi 40 kwa sekunde. Asubuhi dalali anatuma ujumbe wa bei, wanunuzi 300 wanaingia ndani ya dakika moja, kila mmoja akifungua kurasa 10: bei, ghala, idadi ya magunia, fomu ya oda. Hayo ni maombi 50 kwa sekunde. Kila sekunde 10 yanabaki nje, na dakika ikiisha yapo 600 kwenye foleni. Wa mwisho atangoja sekunde 15. Hatangoja, atabonyeza upya na kuongeza foleni, au atampigia dalali wa jirani.

Tatizo ni kwamba fundi anaweza kukuonyesha tarakimu nzuri isiyo na maana. Seva iliyolemewa hutoa ukurasa wa hitilafu haraka sana, na ab huhesabu hilo kama ombi lililojibiwa. Mstari wa Non-2xx ukitokea kwenye majibu, kasi hiyo si ya kujivunia. Kinyume chake, ab huandika kuwa ombi limeshindwa pale urefu wa ukurasa unapotofautiana na ule wa kwanza, na ukurasa wa bei zinazobadilika utatofautiana tu. Hapo usimgombeze fundi bure. Tena ab haivuti picha zilizomo ukurasani, na ukurasa wa mbele mara nyingi ni mwepesi. Agiza upimwe ule unaosoma hifadhidata ya bei.

Wastani nao hufariji kupita kiasi. Soma jedwali la mwisho: asilimia 50 wamehudumiwa ndani ya muda gani, na asilimia 99 je? Nusu wakipata jibu kwa sekunde moja na wachache kwa sekunde 12, huenda mwenye oda ya magunia 200 yumo kwa hao wachache.

Pima seva yako tu, usiku, na mwenye kukukodisha akiwa na taarifa. Julai 2023 mfumo wa eCitizen wa Kenya ulikwama baada ya kufurikwa na maombi ya wavamizi. Kwa seva inayopokea, mafuriko ya ab hayana tofauti kubwa na hayo. Hapa nchini, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuzuia mfumo wa kompyuta wa mwingine usifanye kazi.