Ukiukuta Mswada Mtandaoni, Uulize Ulikotoka

Mwalimu wa fasihi aliyetaka kuona kwa macho yake miswada ya kale ya Kiswahili iliyohifadhiwa SOAS, Chuo Kikuu cha London, zamani ilimlazimu afunge safari. Leo mingi imepigwa picha na kuwekwa mtandaoni, na kuisoma ni bure. Neema hiyo ina sharti lake: kabla ya kusoma shairi, soma maelezo ya maktaba. Nani alilinakili? Lini? Kwa ajili ya nani?

Chukua mfano wa Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840. Tungo zake nyingi zilikusanywa miongo kadhaa baadaye na mmishonari W. E. Taylor, akisaidiwa na Mwalimu Sikujua. William Hichens akaja kuzihariri, na *Diwani ya Muyaka* ikachapishwa mwaka 1940. Kwa hiyo kati ya malenga na msomaji wa leo pana kumbukumbu za watu, kalamu ya mnakili na uamuzi wa mhariri.

Uamuzi huo huonekana hata katika neno moja. Hati ya Kiarabu, ambayo mingi ya miswada hii iliandikwa kwayo, ina alama tatu za irabu fupi, ilhali Kiswahili kina irabu tano. Katika miswada mingi kasra, mojawapo ya alama hizo, husimama mahali pa *i* na pa *e*, hivyo "pinda" na "penda" huweza kuandikwa sawasawa. Msomaji hutegemea vina na muktadha, na mara nyingine wajuzi wawili hutofautiana.

Jambo hili lafaa sana darasani. Pakua ukurasa mmoja penye mtandao mzuri, kisha uuchapishe. Wape wanafunzi ubeti kwa hati ya Kiarabu pamoja na matoleo mawili ya herufi za Kirumi. Aliyepitia madrasa awasomee wenzake, halafu kila kundi litetee usomaji wake kwa hoja. Hapo watatambua kwamba shairi walilozoea kulikariri lina historia, na kwamba wao pia wana haki ya kulihoji.

Mwisho, usitosheke na kunakili kiungo. Andika jina la maktaba, nambari ya mswada na ukurasa. Viungo hubadilika; kwa nambari ya mswada, mtafiti mwingine ataufikia ushahidi uleule na kuupima mwenyewe.