Dola ya ubaoni na dola ya dirishani

Ukipita mbele ya duka lolote la kubadilishia fedha jijini Dar es Salaam utakuta ubao wenye safu mbili, bei ya kununua na bei ya kuuza, na ukiulizia kamisheni utajibiwa kuwa haipo. Jibu hilo ni la kweli, na ndilo linalowapoteza wengi. Anayejiandaa kufuata mzigo Guangzhou, kumpeleka mgonjwa India au kwenda umra hulipia huduma hiyo ndani ya pengo la safu hizo mbili, tena hulipia zaidi ya mara moja: anaponunua dola, anapozibadili kule aendako, na anaporudi na masalio. Tuseme dola inauzwa 2,600 na kununuliwa 2,540. Aliyechukua dola 3,000 akarudi na 500 amekwisha kupoteza shilingi 30,000 kwa masalio peke yake. Kwa hiyo swali linaloulizwa kila msimu wa safari, kwamba dola ni rahisi wapi, ni swali la pili. La kwanza ni fedha hiyo itachenjiwa mara ngapi, na itakuwa noti za namna gani.

Mfanyabiashara mmoja wa nguo Kariakoo, ambaye hakutaka jina lake litajwe, analalamikia noti kuliko bei. Anasema mwaka 2023, dola zilipoadimika, bei ya ubaoni ilipendeza lakini dirishani keshia alimwambia zimekwisha, arudi kesho. Ukionyesha uko tayari kuongeza kidogo, zilipatikana, ila si kwa bei iliyoandikwa. Siku hizi dola zipo, anakiri, na manung'uniko yake yamehamia kwenye noti zenyewe. Katika bunda la noti za 100 huchanganyiwa za zamani, zile za kichwa kidogo, au zenye alama ya kalamu, au zilizokunjwa hadi zikakaribia kuchanika, na zote analipia bei moja. Akirudi safari na noti zile zile, duka lile lile linazishusha bei au linazikataa kabisa, na zile za dola 5, 10 na 20 zina bei yake ya chini. Ni malalamiko ya upande mmoja, bila shaka, na wenye maduka wana hoja yao: noti ambayo mteja wa kesho hataitaka inawakalia droo. Hoja hiyo ingekuwa na uzito zaidi kama noti hiyo ingeshushwa bei hata inapouzwa. Serikali ya Marekani inatambua noti zake zote bila kujali zilitoka mwaka gani; soko letu ndilo lililojitungia madaraja, na hasara ya madaraja hayo inaishia kwa msafiri. Anayelijua hili hukagua noti moja moja kabla hajaondoka dirishani, hudai zile zenye utepe wa bluu zilizoanza kutolewa 2013, na hachoki kuomba risiti.

Kwa wasimamizi wa sarafu picha ni nyingine. Ofisa mmoja anayefuatilia soko hilo anarudia takwimu tuliyoizoea: akiba ya fedha za kigeni inatosha kuagiza bidhaa na huduma kwa zaidi ya miezi 4, ambacho ndicho kiwango cha chini ambacho taifa limejiwekea, na bei ya kati hutangazwa, hivyo msafiri hana sababu ya kupunjwa. Sina ugomvi na takwimu hiyo. Shida ni kwamba inajibu swali ambalo msafiri hakuuliza. Akiba ya taifa sehemu kubwa imekaa kwenye amana na hati fungani nje ya nchi, wakati yeye anatafuta karatasi. Dola ya karatasi huingia nchini na watalii au huletwa na benki kwa gharama ya usafirishaji na bima, ndiyo maana bei yake huweza kuachana na ya dola inayohamishwa kwa akaunti hata siku ambayo soko la benki kwa benki limetulia. Mwaka 2023 tuliambiwa akiba inatosha huku wateja wakizungushwa madirishani, na kauli zote mbili zilikuwa sahihi kwa wakati mmoja.

Ushauri wa kuzunguka maduka matatu manne kabla ya kununua nao unahitaji tahadhari. Maduka hayo yalishamiri baada ya sheria ya fedha za kigeni ya 1992 kulegeza soko, hadi operesheni za mwishoni mwa 2018 Arusha na mwanzoni mwa 2019 Dar es Salaam zilipofagia mengi kwa tuhuma za utakatishaji fedha na kukiuka leseni. Mtaji ukapandishwa na biashara ikahamia benki. Masharti yalilegezwa 2023 na maduka yamekuwa yakirejea, ila msafiri wa mkoani mara nyingi bado hana pa kuzunguka. Ilielezwa kuwa soko linalindwa. Huenda lililindwa, lakini ushindani ulipopungua hakuna aliyepima pengo la bei lilitanuka kiasi gani. Wauzaji wa mtaani si jibu: kununua kwao ni kosa kisheria, na noti bandia haina wa kurudishiwa.

Palipo na unafuu wa kweli ni kwenye hesabu ya sarafu mbili. Dirhamu ya Falme za Kiarabu imefungwa kwa dola tangu 1997, dola moja kwa dirhamu 3.6725, na riyali ya Saudia imefungwa kwa 3.75 tangu 1986. Dola ikiuzwa 2,600, dirhamu ingepaswa kuwa kama 708 na riyali kama 693. Chochote juu ya hapo ni faida ya duka. Sasa chukua dola 100 uende nazo Dubai, upewe dirhamu 365: kila dirhamu imekugharimu shilingi 712. Basi dirhamu inayouzwa 725 Kariakoo ni ghali, japo umeepuka kuchenji mara ya pili. Lakini noti zako zikiwa za kichwa kidogo, au ukichenji uwanja wa ndege, hesabu inaweza kugeuka.

Wapo watakaosema haya yamepitwa na wakati, kadi inatosha. Kwa hoteli, mara nyingi inatosha. Lakini benki yako inaweza kukukata kwa bei yake ya kuuza, ikaongeza ada ya muamala wa nje, na mashine ya kutolea fedha ikachukua ya kwake; na mashine ya ugenini ikikuuliza kama ulipe kwa shilingi, ukikubali umemwachia mgeni apange bei. Kwa China hoja ya kadi na ya noti zote zinayumba, kwa kuwa madukani watu hulipa kwa simu, na sheria inaruhusu kuvuka mpaka na yuan zisizozidi 20,000. Mwenye mzigo mkubwa ni heri ahamishe kwa benki abebe dola za matumizi tu, akikumbuka kuwa hapa nyumbani kuanzia dola 10,000 ni lazima kutoa taarifa mpakani.

Mbele kunaonekana nusu nusu. Tangu Machi 2025 ni marufuku kupanga bei kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, na wasimamizi wanasema hatua hiyo inapunguza kiu ya dola. Inawezekana, ingawa ni vigumu kuitenganisha na bei nzuri ya dhahabu, watalii wa Juni hadi Oktoba, na korosho zinazouzwa mwisho wa mwaka. Dola iliyokaribia 2,700 katikati ya 2024 ilishuka hadi karibu 2,400 mwaka ulipokwisha, kisha ikapanda tena miezi ya mwanzo ya 2025. Kwa mahujaji hilo si dogo, maana kwa sasa hija inaangukia miezi ambayo dola huwa chache, na anayeweza kuanza kununua kidogo kidogo kuanzia Oktoba ana nafuu. Ni nafuu isiyo na dhamana: aliyejaza kabati la dola katikati ya 2024 akihofia zitapanda zaidi alifika Desemba akiwa na karibu shilingi 300 pungufu kwa kila moja.