Je, Wajua? Shahada ya Pili, ya Tatu, ya Nne...

Swali la vijiweni Buzebazeba, Kigoma: mwenye shahada nne ana akili nne au ana madeni manne? Tujibu haraka haraka, tukianzia hapa nyumbani.

Je, wajua kwamba "Dk." maarufu kuliko wote Ujiji hakuwa na shahada ya tiba? David Livingstone, ambaye mwandishi wa habari Henry Stanley alimkuta hapo jirani mwaka 1871, alikuwa na leseni ya kutibu aliyoipata Glasgow mwaka 1840. Udaktari wake wa chuo kikuu ulikuwa wa heshima, tena wa sheria! Stanley naye, aliyelelewa katika nyumba ya maskini huko Wales, alipewa shahada zake za heshima baada ya safari.

Je, wajua Jane Goodall alifika Gombe, kaskazini tu mwa mji wa Kigoma, Julai 14, 1960, bila shahada hata moja? Alikuwa na umri wa miaka 26 na alichosomea ni ukatibu muhtasi. Kabla mwaka haujaisha akamwona sokwemtu aliyempa jina la David Greybeard akichomeka jani la nyasi kwenye kichuguu, analichomoa limejaa mchwa, anawalamba. Mwenziwe alikuwa akipukutisha majani ya kijiti kwanza, yaani anajitengenezea kifaa. Wasomi wa enzi hizo walishikilia kwamba anayetengeneza vifaa ni binadamu peke yake. Louis Leakey, mtafiti aliyemtuma Gombe, akajua kwamba bila karatasi hawatamsikiliza huyu binti, akamtafutia nafasi Cambridge. Akaruka shahada ya kwanza na ya pili, akachukua uzamivu mwaka 1965, huku wakubwa wa taaluma wakimgombeza kwa nini anawapa sokwe majina badala ya namba. Za heshima zilikuja kumiminika, lakini mpaka anafariki Oktoba 1, 2025, ya kusomea ilikuwa hiyo moja. Nani atasema haikutosha?

Mwalimu Nyerere je? Shahada yake ya Edinburgh ya mwaka 1952 inaitwa MA, na wengi hudhani ni ya uzamili. Kwa utaratibu wa Uskoti, MA ya fani za sanaa ndiyo shahada ya kwanza. Udaktari wa heshima alitunukiwa mwingi, lakini jina aliloitwa nalo ni lile la kazi yake ya darasani.

Na wakusanyaji wenyewe? Michael Nicholson wa Kalamazoo, Marekani, alipata shahada zaidi ya 25, nyingi zikiwa za uzamili, akijilipia ada kwa kazi ya kusimamia maegesho ya magari. Mzee yule alipenda kusoma, hakumdai mtu kazi. Huyo simcheki.

Je, wajua Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka vijana wamalize kidato cha sita, wafanye kazi angalau miaka miwili, ndipo waende chuo kikuu? Siku hizi tumegeuza: shahada, kisha shahada, kisha kijana yuko steshenari na bahasha ya kaki, anatoa kopi za vyeti apeleke kwa wakili vikagongwe mhuri. Kumbe nafasi nyingine inataka stashahada tu, na wapo wanaoamua kuuficha uzamili wao ili waitwe kwenye usaili.

Hata hivyo, mwalimu wa shule ya serikali anayejiendeleza tusimsimange. Mwenye cheti huanzia ngazi ya mshahara ya TGTS B, mwenye stashahada C, mwenye shahada D. Anayemcheka hajui bei ya mgebuka sokoni.

Anayetaka kufundisha chuo kikuu cha umma, ajue hili: matangazo ya kazi kwa kawaida hudai GPA ya 3.8 shahada ya kwanza na 4.0 ya uzamili. Kama ya kwanza ulipata 3.1, hata ukiongeza ya tatu haifutiki. Na mkopo wa Bodi ya Mikopo ulioisomea bado unakatwa asilimia 15 ya mshahara.

Je, wajua watumishi 9,932 waliotajwa kuwa na vyeti vya kughushi, katika ripoti aliyokabidhiwa Rais Magufuli Aprili 28, 2017, hawakunaswa kwa shahada? Uhakiki ule uliangalia kidato cha nne, cha sita na ualimu.

Ubunge, kwa upande wa elimu, Katiba yetu inadai kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Basi. Jirani zetu Kenya wanamtaka mgombea ugavana awe na shahada. Moja.

Wewe unayepiga hesabu ya nyingine, kwanza soma tangazo la kazi unayoitaka, uone inadai nini. Kama chuo ni cha nje, waulize Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kama wanakitambua kabla hujatuma ada. Na kama ni lazima usome, Chuo Kikuu Huria kina kituo hapa Kigoma. Huna sababu ya kuacha kazi.