Kuiga Si Kosa, Kosa ni Kukomea Hapo

Wahenga walituonya kwamba mwiga tembo kunya hupasuka msamba. Shuleni tumelipokea onyo hilo bila kulichuja. Mwanafunzi aigaye huitwa mwizi, na mwalimu amruhusuye huitwa mvivu. Mimi, mwalimu wa isimu, niliamini vivyo hivyo hadi nilipoanza kujifunza uchoraji wa rangi za mafuta, umri ukiwa umepita miaka arobaini.

Kila Jumamosi nilisafiri kutoka Bungoma kupitia Kamukuywa na Kiminini hadi Kitale, kwa mchoraji mmoja aliyekubali kunifunza. Nilitaraji kuambiwa nichore nitakacho. Badala yake alinipa nakala iliyochapwa ya "Mpanzi", mchoro wa Mfaransa Jean-François Millet wa mwaka 1850, unaoonyesha mkulima akishuka mteremko huku akitawanya mbegu. "Mwige huyu mpaka umjue," akaniamuru.

Nilinung'unika, lakini nilitii. Nilijifunza kwamba tabaka la kwanza la rangi huzimuliwa kwa tapentaini, na mafuta ya kitani huongezwa katika matabaka ya juu. Ukifanya kinyume, tabaka la juu hukauka kabla ya lile la chini, kisha hupasuka. Hata hivyo, mpanzi wangu alielea hewani kama tiara. Nilikuwa nimemchora peke yake, kisha nikajaza ardhi pembeni mwake. Mwalimu alinionyesha kwamba mtu na shamba hukua pamoja: rangi ya udongo hupanda miguuni mwake, na kivuli chake humfunga ardhini. Hapo nikakumbuka somo langu mwenyewe, kwamba neno hupata maana kamili katika muktadha wake.

Baada ya miezi kadhaa nilichora kwetu Bungoma: mama akipanda mahindi, Mlima Elgon nyuma yake. Nilijivuna, nikamwonyesha jirani yangu mzee. Alicheka mpaka akaketi. "Mwanangu, mahindi hayamwagwi. Kwani huyu anapanda wimbi?"

Naam, mkono wangu ulikuwa umeurudia ule wa Millet. Mahindi yetu hutiwa shimoni na mpanzi aliyeinama. Wimbi ndilo lililozoeleka kurushwa. Nilikuwa nimeiga hata nisichokusudia.

Je, basi, kuiga kupigwe marufuku? Elimo Njau, mchoraji mzaliwa wa Tanganyika na mmoja wa waasisi wa Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, alifahamika kwa kuonya kwamba kunakili humlaza Mungu usingizi. Onyo hilo ni zito. Lakini Vincent van Gogh, akiwa hospitalini Saint-Rémy mwaka 1889 na 1890, alinakili takribani picha 20 za Millet kutoka nakala zisizo na rangi. Aliiona kazi hiyo kuwa kama kutafsiri, kuhamisha picha hadi lugha ya rangi. Ninavyoona, wawili hawa hawapingani. Mmoja analaani kulala njiani, mwingine anaonyesha njia.

Waalimu wenzangu, hebu tutazame insha tunazosahihisha. Jogoo huwika katika aya ya kwanza hata kisa kikiwa kimetukia adhuhuri! Mwanafunzi amekariri tamathali za wengine, nasi tunampa alama. Huyo ni mpanzi wangu arushaye mahindi. Dawa si kumnyima vielelezo. Mpeni aya bora ainakili kwa mkono, ajue ilivyojengwa. Kisha mwambieni aeleze soko la kwao bila kuazima hata fungu moja la maneno kutoka kwayo.

Nanyi wanafunzi, igeni, lakini mtaje mliyemwiga. Nyuma ya mchoro wangu wa kwanza nimeandika jina la Millet. Mama wa Bungoma nilimchora upya, ameinama, mkono u karibu na shimo. Nyuma ya mchoro huo nimeandika langu.