Dakika Ishirini za Kwanza za Injini Iliyofanywa Upya

Wakulima wengi wa Mwala, Masii na Wamunyu, katika Kaunti ya Machakos, huyategemea magari makuukuu kupeleka maembe na ndengu sokoni. Peugeot 404, Peugeot 504 na Land Rover za zamani aghalabu hudumu kuliko injini zao. Injini ikichoka hufunguliwa, ikatiwa vyombo vipya, na miongoni mwa vyombo hivyo huwamo kemshafti. Wako pia wapendao kutia kemshafti ya mashindano. Yafaa wasomaji wetu wajue namna ya kuizoeza, kwa sababu fedha za mavuno mazima zaweza kupotea kwa muda wa kuchemsha chai.

Kemshafti ni mhimili wa chuma wenye matuta. Mhimili ukizunguka, kila tuta huinua tapeti, tapeti husukuma fimbo, na fimbo hufungua valvu. Injini za namna hii zina sifa kubwa katika Afrika ya Mashariki. Mwaka 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda mashindano ya Safari kwa Volvo PV544, na mwaka 1966 na 1967 Bert Shankland na Chris Rothwell wa Tanzania walishinda kwa Peugeot 404. Magari yote mawili yalikuwa na kemshafti ndani ya bloki, yenye tapeti na fimbo.

Kemshafti ya mashindano hufungua valvu kwa kimo kikubwa zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Injini hupata nguvu izungukapo kwa kasi, lakini hupungukiwa nguvu iendapo polepole. Basi mwenye kupakia magunia na kupanda vilima vya Iveti hana budi kufikiri kwanza kama chombo hicho chamfaa.

Uso wa tapeti mpya si bapa kabisa, bali umevimba kidogo sana, na tuta nalo limechongwa kwa mshazari mdogo. Kwa hiyo tapeti huzunguka kila inapoinuliwa, na nyuso hizo mbili hulainishana. Kazi hiyo hufanyika katika dakika za kwanza za uhai wa injini. Tapeti isipozunguka, hulila tuta mpaka likaisha.

Watu wengi hudhani kwamba injini mpya yataka kuungurumishwa polepole. Kwa kemshafti ya aina hii, upole huo ni hatari. Katika injini nyingi matuta hupata oili ile irushwayo na krenkshafti izungukapo. Mwendo ukiwa mdogo, oili irushwayo ni chache, na springi za valvu huikandamiza ncha ya tuta kwa nguvu zote.

Kwa hiyo matayarisho yote yafanywe kabla ya kuwasha. Kemshafti mpya itiwe tapeti mpya. Tapeti za zamani zimekwisha kuzoea matuta mengine. Matuta yapakwe grisi ya kuzoezea kemshafti, iletwayo pamoja nayo. Nafasi za valvu na wakati wa moto zipimwe sawasawa, rejeta ijazwe maji, kabureta iwe na petroli, na pampu ya oili ijazwe, ili injini iwake mara moja. Kupiga stata muda mrefu huiondoa grisi. Ikiwa springi za mashindano ni mbilimbili, fundi aondoe zile za ndani mpaka kazi hii imalizike.

Gari lisimamishwe nje, kwani moshi wake ni sumu. Injini ikiwaka, ipandishwe mara hiyo hiyo hadi mizunguko 2,000 kwa dakika. Kwa dakika ishirini au thelathini mwendo ubadilishwe baina ya 1,500 na 2,500, wala usiachwe kushuka chini ya hapo. Mtu mmoja atazame kipimo cha oili na joto la maji. Likitokea tatizo, injini izimwe kabisa, irekebishwe, kisha kazi iendelee.

Oili nayo ichaguliwe kwa uangalifu. Dawa yenye zinki na fosforasi ndiyo iyalindayo matuta, lakini tangu miaka ya 1990 imepunguzwa katika oili nyingi za magari ya petroli, kwa kuwa huharibu chombo cha kusafisha moshi katika magari mapya. Inunuliwe oili ya kuzoezea injini, au ile iliyoandikwa kuwa ya injini za zamani zenye tapeti bapa. Magari mengi ya siku hizi yana tapeti zenye rola, nayo hayahitaji taabu hii.

Kazi ikiisha, oili imwagwe ingali moto, na filta ibadilishwe. Vumbi laini jeusi si ajabu, bali vipande ving'aavyo vya chuma, au mlio wa kugonga usiokoma, ni dalili kwamba tuta linalika. Hapo injini isiendeshwe tena, kwa kuwa chembe hizo huingia katika beringi na kuziharibu pia.

Mwenye gari, usimwachie fundi siku hiyo peke yake. Simama karibu, shika saa mkononi, uhesabu dakika hizo ishirini mwenyewe.