Pikipiki Imepatikana Mikumi: Kesi Usiifute

Swali huja vilevile kila mara. Pikipiki iliibwa Kimamba au Kilosa mjini, imekamatwa Mikumi, sasa iko kituoni. Je, mwenyewe akienda kuifuta kesi, atakabidhiwa bila kudaiwa gharama ya kuivuta na ya siku ilizolala pale? Wengine huuliza wakiwa tayari wameshapewa ushauri huo kijiweni, na wanachotaka kwangu ni baraka tu. Sina baraka ya kutoa. Kesi hiyo huwezi kuifuta, na ukijaribu unajifungia mlango ambao sheria imekuwekea ili uondoke na mali yako mapema.

Huwezi kuifuta kwa sababu si yako. Wizi ni kesi ya Jamhuri. Wewe ni mlalamikaji na shahidi. Mashtaka yanaendeshwa na Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, na mwenye mamlaka ya kuyaondoa mahakamani ni Mkurugenzi wa Mashtaka na wanaofanya kazi kwa niaba yake. Wapo wanaosema mahakama inaruhusu kupatana. Inaruhusu, lakini someni inaruhusu wapi: Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inazungumzia shambulio la kawaida na makosa ya binafsi yasiyo makubwa. Wizi haumo humo. Unyang'anyi wa kutumia silaha, ambao ndilo kosa lenyewe dereva anapotishiwa panga na kunyang'anywa pikipiki usiku, una kifungo kisichopungua miaka 30. Kosa la uzito huo haliondoki mahakamani eti kwa sababu wazazi wa kijana wamekuja na mzee wa mtaa na bahasha.

Kwa hiyo kinachoitwa kufuta kesi, kwa vitendo, ni shahidi kujificha. Simu haipokelewi, wito wa mahakama unarudi bila saini, shauri linaahirishwa mara ya pili, ya tatu, hatimaye linaondolewa au mshtakiwa anaachiwa kwa kukosekana ushahidi. Hapo ndipo mwenye mali anakwenda kituoni akitabasamu, na hapo ndipo anapokutana na mshtakiwa yuleyule, sasa mtu huru, mkononi ana karatasi ya mauziano yenye mhuri wa mtendaji wa kijiji, anasema pikipiki ni yake, aliinunua. Mnaelewa uzito wa jambo hilo? Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasimama upande wako: aliyenunua kwa mwizi hapati umiliki ambao mwizi hakuwa nao. Lakini kanuni hiyo inafanya kazi pale tu inapothibitishwa kwamba muuzaji alikuwa mwizi, na mtu aliyetakiwa kuthibitisha hilo ni wewe uliyejificha. Polisi hawawezi kuchagua kati ya watu wawili wenye karatasi. Watawaambia mwende mahakamani kwa kesi ya madai, kwa gharama zenu, na pikipiki ibaki uani ikinyeshewa hadi hukumu itoke. Aliyekimbia gharama ya wiki chache amejinunulia gharama ya miaka. Tena pikipiki nyingi za wilaya hii zimeuzwa mara mbili tatu huku kadi ikibaki na jina la mwenye kwanza, kwa kuwa hakuna aliyekwenda TRA kuhamisha umiliki. Kadi ya namna hiyo haikutofautishi na mwenye karatasi ya kughushi. Ushahidi wako wa kiapo ndio unaokutofautisha.

Sasa huo mlango. Katika Sura ya 20 kuna kifungu ambacho kwa miaka mingi mawakili wamekijua kwa namba 353. Kinasema kwamba kitu kilichotolewa mahakamani kama kielelezo kinaweza kurudishwa kwa anayeonekana kustahili kukipata, katika hatua yoyote ya shauri, kwa masharti ambayo mahakama itaona yafaa. Rudia kusoma maneno hayo: hatua yoyote. Huhitaji kusubiri hukumu wala rufaa. Kinachohitajika ni pikipiki ipokelewe kama kielelezo, na mtu wa kawaida wa kuitambua mbele ya hakimu ni mwenyewe, kwa kadi, namba ya chasisi, namba ya injini na alama anazozijua. Ukiwa shahidi wa kwanza, pikipiki inaweza kupokelewa siku hiyohiyo na ombi la kuirudisha likafuata papo hapo. Ukijificha, haipokelewi, na isipopokelewa kifungu hicho hakikufai. Mwenendo ambao vijiweni wanauita njia ya mkato ndio unaorefusha siku za kulala kituoni, na siku ndizo wanazozilalamikia.

Nitaambiwa kwamba kielelezo kikitoka mikononi mwa polisi kesi inakufa, na shauri la Paulo Maduka na wenzake wanne dhidi ya Jamhuri litatajwa, ambamo Mahakama ya Rufani ilisisitiza mnyororo wa utunzaji wa vielelezo. Hoja ina msingi, ila inatumiwa mahali pasipo pake. Mnyororo unalinda kitu kisibadilishwe kabla ya kufika mahakamani. Tunachozungumzia ni kitu kilichokwisha kufika, kikapokelewa, na namba zake zimegongwa kwenye chuma. Mahakama yenyewe baadaye imeeleza kwamba kanuni hiyo haishikiliwi kwa ukali uleule kwa vitu visivyo rahisi kuharibiwa au kubadilishwa. Isitoshe, mahakama zetu zimezoea kuachana na vielelezo kabla ya hukumu. Nyamapori iliyokamatwa kwa mtuhumiwa haiwezi kusubiri miezi. Hakimu anaikagua, mtuhumiwa akiwa mbele yake na akisikilizwa, kisha anaamuru iteketezwe. Kama nyama inaweza kuondoka kabisa duniani na kesi ikaendelea, pikipiki iliyopigwa picha, ikasajiliwa, na mwenyewe akaapa kuirudisha ikihitajika, inaweza kulala nyumbani kwake.

Wengine wananikumbusha agizo la Kangi Lugola alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi, kwamba bodaboda zisirundikwe vituoni. Agizo hilo liliwahusu walioshikwa kwa makosa ya barabarani. Pikipiki zilizohusika na uhalifu aliziacha zibaki kituoni, na yako iko katika kundi hilo. Msilitumie tena.

Turudi kwenye fedha, maana ndizo zilizoleta swali. Gharama ya kuvuta na gharama ya kuweka ni madai mawili tofauti, na watu wanayakubali au kuyakataa kwa pamoja, jambo ambalo ni kosa. Mwenye kirikuu aliyeibeba pikipiki kutoka porini hadi Mikumi, au mwenye gari la kuvuta aliyelitoa gari lako mtaroni katika barabara ya Iringa, amefanya kazi halali ambayo wewe umefaidika nayo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 70, inampa haki ya kulipwa fidia hata kama hamkuwahi kuongea. Kuibiwa hakukufanyi usiwe na deni. Deni linahamia kwa mwizi baadaye, si kwa mwenye kirikuu leo. Wanaodhani nchi tajiri zinawahurumia walioibiwa wajue kwamba Uingereza, tangu Aprili 2023, kuvutwa gari dogo la kawaida kwa amri ya polisi ni pauni 192 na kulitunza ni pauni 26 kwa siku, na mwenye gari lililoibwa hulipa vilevile kisha akafuatilia bima yake. Tofauti ni kwamba bei hizo zimeandikwa kwenye kanuni na kila mtu anazisoma. Nawe dai hilohilo hapa kwa gharama ya kuweka: anayekutoza kwa jina la ofisi ya umma akupe kontroo namba. Malipo halali ya serikali yana kontroo namba na stakabadhi. Fedha ya mkononi, bila jina wala karatasi, hailipi deni lolote, imekutoka tu.

Ya kufanya ni haya, na yafanyeni kwa haraka. Siku ya wizi ripoti, chukua RB, andika namba ya chasisi na ya injini. Ikipatikana, nenda na kadi. Kama kadi ni ya bosi au kampuni ya mkopo, mwenye jina aje au atoe idhini kwa maandishi. Hakikisha hati ya ukamataji ipo na imesainiwa, piga picha ya hali ya pikipiki. Kama hakuna aliyekamatwa, mwandikie OCD Kilosa ukiomba kukabidhiwa, bakiza nakala yenye mhuri. Kama kuna mshtakiwa, mwombe mwendesha mashtaka akuite mapema na aombe irudishwe kwako kwa masharti. Barua iwe ya Kiswahili; tangu 2021 hiyo ndiyo lugha ya mahakama, usimlipe mtu akuandikie Kiingereza. Stakabadhi ya kuvuta itunze, maana mahakama ikimtia mtu hatiani inaweza kumwamuru akulipe fidia. Mwenye bima kubwa aiarifu kampuni siku hiyohiyo. Bima ndogo haigusi wizi.

Na usikae kimya kesi ikiisha. Kielelezo kisichodaiwa ndani ya miezi 12 baada ya shauri au rufaa kukamilika, mahakama inaweza kuamuru kiuzwe, na fedha zikaingia katika mapato ya Serikali.